Mifereji Miwili ya Barabara ya Mnazini

Barabara ya Mnazini, inayotoka Ukunda kushuka upande wa baharini, ilipotiwa lami, Warda Jaafar alikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuwa mhandisi wala dereva wa mtambo. Alikuwa mshika kibendera: chekundu magari yasimame, kijani yapite. Alisimama juani miezi saba, kizibao cha njano juu ya buibui, na kwa kuwa kazi ya kusimama humpa mtu nafasi ya kutazama, alijifunza barabara inavyotengenezwa. Aliona udongo ukichotwa, kokoto zikimwagwa, maji yakinyunyizwa, mtambo ukishindilia tabaka juu ya tabaka, na lami ikija mwisho kabisa, nyembamba kuliko alivyodhania. Alimweleza baba yake kwamba lami ni kama ngozi tu. Ukiichana, maji yanaingia, na barabara inaoza kwa chini kabla mtu hajaona kitu kwa juu.

Baba yake, Mzee Jaafar, alikuwa seremala wa milango, na mwenyekiti wa kamati ya msikiti wa mtaa. Alimsikiliza siku hiyo mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Wewe rudi ukasome mambo haya." Warda akasoma. Miaka mitatu alivuka Likoni kila Jumamosi kwenda chuoni Mombasa, akapata stashahada ya ujenzi, akaajiriwa na kaunti kuwa karani wa stoo. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, alipandishwa cheo akawa mkaguzi wa barabara. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mume, watoto wawili, na pikipiki ya ofisi.

Mwezi huohuo kanuni mpya za ukataji wa barabara zilianza kutumika. Kabla ya hapo, mtu akitaka kuvusha bomba la maji aliita vijana wawili wenye sururu, wakakata lami asubuhi, jioni wakarudishia mchanga, na kila mtu akaenda zake. Sasa mtu alitakiwa kuchukua kibali na kulipa ada kulingana na urefu wa mfereji na aina ya barabara. Atakayekata bila kibali atalipa ada hiyo mara mbili, atagharimia kurudishwa kwa lami, na bomba lake litafungwa mpaka amalize kulipa. Hakuna aliyezifurahia kanuni hizo kuliko Warda. Alizunguka mitaani na wenzake wakizieleza kwa kipaza sauti, na kila neno alilolisema alikuwa analiamini.

Siku ya kumi na moja baada ya kanuni kuanza, Warda akiwa Samburu, upande wa bara wa kaunti yao, kwa kazi ya wiki nzima, kamati ya msikiti ilikata Barabara ya Mnazini.

Aliikuta kazi imekwisha. Mfereji ulikuwa umevuka barabara yote, kutoka kwa mwenye duka la saruji aliyejitolea kutoa maji ya kisima chake hadi ukuta wa msikiti. Ulikuwa umefukiwa udongo na kupakwa saruji juu. Jioni alipopita kwa wazazi wake, baba alikuwa na furaha ambayo hakumwona nayo siku nyingi.

"Maji ya udhu yameingia," alisema. "Wazee hawabebi ndoo tena."

"Alhamdulillahi," Warda akajibu, akaendelea kula.

Alikusudia kumwambia kesho yake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ambayo msikiti mzima ulikuwa ukiwashukuru wanakamati, na hakuona njia ya kuanza. Wiki iliyofuata alijiambia kwamba atasubiri baba aulize mwenyewe. Baba hakuuliza. Mwezi wa Septemba Warda alikuwa akipita juu ya ule mfereji kila siku na pikipiki, akihisi matairi yakidunda mara moja, tena mara ya pili, akaacha kupunguza mwendo.

Mwezi wa Januari alimkuta Wayua.

Wayua alikuwa mwanamke wa Kikamba wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja pwani na mumewe, Nzau, kutoka Kibwezi miaka ishirini na sita iliyopita. Nzau alikuwa mlinzi wa hoteli huko Diani, na nyumbani alikuja mara moja kwa wiki. Wayua alikuwa na kitalu cha miche kando ya Barabara ya Mnazini, hatua kama mia tatu kutoka msikitini: mivinje, mipapai, na hasa mikorosho ya kubebeshwa, yaani kikonyo cha mkorosho bora kikiungwa juu ya mche mchanga, ambayo wakulima waliifuata kutoka mbali kwa sababu mkono wake haukuharibu. Miaka yote alinywesha kwa ndoo. Mwaka ule alipata maji kwa jirani wa ng'ambo, akaita wanaume wawili, wakakata lami, wakapitisha bomba, wakafukia. Alisimama mwenyewe kuhakikisha wameshindilia udongo kwa gogo.

Warda alifika saa nne asubuhi. Palikuwa na wateja watano sita wakichagua miche.

"Shikamoo, mama," alisema Warda.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unatafuta mikorosho?"

"Natafuta mwenye huu mfereji."

"Ni mimi."

"Kibali chako kiko wapi?"

"Kibali cha nini?" Wayua aliuliza, na uso wake ulionyesha kwamba kweli hajui.

Warda alitoa futi akapima urefu na upana, akaandika, akapiga picha. Kisha akaisoma ilani, maana kanuni zilitaka isomwe kwa sauti mbele ya mhusika. Hazikutaka isomwe mbele ya wateja, lakini wateja walikuwa wamesogea, na Warda hakuwaambia wakae kando. Alisoma mpaka mwisho kwa sauti ileile ya kipaza sauti. Mteja mmoja alirudisha chini mche aliokuwa ameushika. Wayua alisikiliza akiwa amefumbata mikono tumboni, kisha akasema polepole, "Kama nimekosa nimekosa. Sikujua." Saa nane mchana fundi wa kaunti akaja akalifunga bomba.

Siku ya tatu Wayua alikwenda ofisini. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na mkononi ameshika fomu mpya za kuombea kibali. Alikaa kwenye kiti mbele ya meza ya Warda kama mwanafunzi.

"Mwanangu, faini nitalipa, nimeshaanza kutafuta," alisema. "Nimekuja kwa jambo lingine. Nataka safari hii nijaze sawasawa, nisikosee tena. Ule mfereji wa msikitini ni kama wangu tu, unavuka lami hivihivi. Ningeomba unionyeshe walivyojaza fomu yao, nami niige."

Hakukuwa na hila katika sauti yake. Warda alimtazama machoni akitafuta hila hiyo, maana angeiona ingemsaidia, hakuiona. Mwanamke yule aliamini kabisa kwamba msikiti una kibali, kwa sababu aliamini kwamba afisa aliyemsomea ilani angeusomea na msikiti.

"Ule ni wa zamani, mama," Warda alisema. "Ulichimbwa kabla kanuni hazijaanza."

Kisha, bila ya kuulizwa, akaongeza, "Mwezi wa Mei."

"Ahaa," Wayua akasema. "Basi. Asante kwa kunieleza vizuri."

Warda alimjazia zile fomu yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa upole mwingi. Masikio yalikuwa yakimwaka. Wayua alipoondoka alimshukuru mara mbili, na Warda akaenda msalani akafungua bomba la maji akakaa pale tu, mikono yake ikilowa, mpaka mtu mwingine alipogonga mlango.

Kulikuwa na njia nyingi za kujitetea, na siku zile alizipitia zote. Maji ya msikiti ni ya watu wote, ya Wayua ni ya biashara. Baba yake hakujua sheria. Lakini naye Wayua hakujua. Wazee wa msikiti ni wazee. Lakini naye Wayua si msichana. Kila alipofika mwisho wa hoja alikutana na ule mwezi wa Mei aliousema kwa mdomo wake, ambao hakuna aliyemlazimisha kuutaja. Alianza kupita njia ya ndani, ya mchanga, kwenda kazini. Mume wake alipomuuliza mbona siku hizi pikipiki inarudi na vumbi jingi, alimjibu kwamba barabara ina kazi.

Mwishoni mwa Machi ilimlazimu kwenda kukagua lami iliyorudishwa mbele ya kitalu. Wayua alikuwa amelipa kila kitu. Kiraka kilikuwa kizuri, kimekaa sawa na barabara. Warda aliweka sahihi, akataka kuondoka, lakini Wayua alimwomba asubiri amletee maji ya kunywa, na aliporudi na bilauri alimkuta mgeni wake akitazama upande wa mikorosho.

Chini ya kivuli cha makuti, vifuko vyeusi vya miche vilikuwa vimepangwa safu kwa safu kama zamani, lakini safu nyingi zilikuwa na vijiti vikavu tu.

"Hiyo ni mia saba na kidogo," Wayua alisema. "Bomba lilifungwa siku kumi na tisa, mpaka nilipomaliza kulipa. Ndoo haikutosha, jua la Januari unalijua. Iliyobebeshwa haivumilii kiu."

"Pole, mama."

"Tumeshapoa. Nilikosa mimi." Alimtazama Warda akinywa. "Nikuambie, wewe nilikupigania sana. Mzee wetu wa kanisa, Kilonzo, alitaka nikate rufaa. Alisema, mbona wa msikitini hawakuguswa, huu ni ubaguzi, sisi wa kuja ndio tunaoonewa. Watu wakaanza kupandwa na hasira. Nikasimama ibadani, Jumapili, nikawaambia wasiseme hivyo. Nikasema yule binti ni mtu wa haki, amenikalisha akanieleza, wa msikiti ulichimbwa Mei. Wakanyamaza. Siku kumi na nne za rufaa zikapita, basi tena."

Warda alirudisha bilauri. Maji yalikuwa bado nusu. Alisema asante, akawasha pikipiki, na alipofika mbele kidogo, mahali ambapo kitalu hakionekani, alisimama pembeni, akazima pikipiki. Alikuwa amedhani uongo wake ulikaa pale mezani, kati ya watu wawili. Kumbe mwanamke yule aliuchukua, akaubeba mpaka madhabahuni, akaweka na jina lake mwenyewe juu yake.

Hakurudi ofisini. Alikwenda karakana kwa baba yake. Mzee Jaafar alikuwa akipiga randa mbao ya mlango, na alipomwona bintiye saa ile ya kazi aliiweka randa chini.

"Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukuuliza jambo. Mlipochimba mfereji wa msikiti mlikuwa na kibali?"

Mzee alishangaa. "Si uliandika wewe?"

"Niliandika nini?"

"Kibali. Ulipoona mfereji hukusema kitu. Nikasema, basi mwanangu ameshatengeneza huko ofisini, hataki tu kujisifu. Nikawaambia na wenzangu kwenye kamati. Sikukuuliza kwa kuwa sikutaka kukufanya ujisifu."

Warda aliketi juu ya kipande cha mbao. Alimsimulia yote: Samburu, chakula kile cha jioni, ilani mbele ya wateja, fomu, mwezi wa Mei, miche, kanisa. Alipofika mwisho mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anaokota vumbi la mbao kutoka kwenye goti lake, chembe moja moja.

"Yule mama alilipa?" aliuliza.

"Alilipa yote."

"Na sisi miezi minane tunatawadha." Alilipangusa goti lote kwa kiganja. "Tumesimama mbele ya Mungu na maji hayo, Warda."

"Ni kosa langu, baba."

"Ni langu pia. Mimi nilitaka kuamini." Alisimama, akavua aproni. "Yule ulimsomea wapi ilani yake?"

"Palepale kitaluni. Watu walikuwapo."

"Basi na yetu ilete baada ya sala ya Alasiri, watu wakiwapo."

Warda alimwomba baba apokee karatasi hapohapo karakanani. Mzee akakataa kwa kutikisa kichwa.

Kesho yake, watu walipokuwa wakitoka, Warda alisimama nje kwenye baraza ya msikiti, futi mkononi. Alikuwa ameshapima. Baba yake aliwaomba wasubiri. Wazee waliomjua tangu akiwa anabebwa mgongoni, walimu wake wa madrasa, muuza saruji, wote walisimama na viatu vyao mikononi. Alisoma. Sauti ya kipaza sauti haikuja. Mara mbili mtu wa nyuma alimwambia kwa adabu apaze kidogo, nao wasikie. Alipofika pale pa tarehe, tarehe kumi na moja Julai, alitua, akasema neno ambalo halikuwamo kwenye ilani: "Nilikuwa najua. Nilimwambia mtu mwingine kwamba ni Mei."

Abdurahman, imamu, alipokea karatasi kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliuliza kama maji yatafungwa leo. Warda akasema ndiyo, leo. Yule mzee akaitikia kwa kichwa na kwenda kutafuta ndoo.

Kwa mkuu wake, Bwana Thoya, alikwenda na barua aliyoiandika mwenyewe. Thoya aliisoma mara moja, akaiweka, akavua miwani.

"Ungeniambia Julai ningekusaidia," alisema. "Tungemtuma mkaguzi mwingine, kwisha. Sasa unataka nifanyeje?"

"Ufanye inavyotakiwa, bwana."

Ilivyotakiwa ni barua ya onyo katika faili, na kuondolewa kwenye ukaguzi. Alirudisha pikipiki na kizibao, akapewa dirisha la kupokelea fomu za vibali, pale chini, karibu na mlango.

Lakini kabla ya hayo yote kumalizika, siku ileile aliyotoka kwa Thoya, alikuwa amekwenda kitaluni kwa miguu. Wayua alikuwa akichagua vifuko vilivyokufa, anamwaga udongo wake kwenye toroli ili autumie tena. Warda alimwamkia, akaitikiwa, akasema alilokuja kusema akiwa amesimama. Hakusema kwa mpango. Alianzia katikati, akarudi nyuma, lakini Wayua alielewa upesi. Mikono yake iliacha kumwaga.

"Kwa hivyo Kilonzo alisema kweli," alisema.

"Alisema kweli, mama."

"Nami nilimnyamazisha mbele ya watu."

"Nisamehe, mama. Bwana Thoya amesema rufaa yako inaweza kufunguliwa tena. Nimekuja na fomu."

Wayua alizitazama zile karatasi, hakuzishika. "Faini sikuilia sana," alisema. "Nilikata barabara bila kibali, nikalipa. Hata miche, mimi ni mkulima, nimewahi kuzika mingi. Lakini nilikusema vizuri kanisani. Hakuna aliyenituma. Sasa nitakwenda kuwaambia nini?"

Warda alisema anaweza kuja mwenyewe Jumapili, asimame aseme. Wayua akatikisa kichwa.

"Hapana. Wale ni watu wangu. Nitakwenda mimi. Wewe weka hizo karatasi hapo juu ya tofali."

Na akaendelea na vifuko vyake. Warda alisimama kidogo, akijua kwamba anapaswa kuondoka na kwamba hakuna namna ya kuondoka iliyo nzuri. Alisema, "Kwaheri, mama." Wayua alisema, "Nenda salama," bila kuinua uso.

Jumapili ile Wayua alisimama ibadani. Warda alisikia baadaye kutoka kwa Mbeyu, karani mwenzake, ambaye jirani yake ni muumini wa kanisa hilo, kwamba hakusema mengi. Alimwomba Mzee Kilonzo radhi kwa kumkatiza, akakaa. Hakumtaja Warda kwa jina. Mbeyu alidhani kwamba habari hiyo itamfariji.

Msikiti ulilipa. Mzee Jaafar aliuza milango miwili iliyokuwa imeagizwa na mtu aliyechelewa kuichukua, na waumini wakachanga kilichobaki. Maji yalikaa wiki tatu yamefungwa, na kwa wiki hizo wazee walibeba ndoo, na hakuna hata mmoja aliyemlaumu Warda akamsikia. Walimwamkua kama kawaida, na wengine kwa upole zaidi. Alitamani wamkaripie. Baba yake alijiuzulu uenyekiti, akasema amechoka. Rufaa ya Wayua ilichukua miezi minne, akarudishiwa nusu ya faini. Kwa miche hakukuwa na fomu.

Warda bado yuko kwenye dirisha lile. Kazi anaiweza: anawaeleza watu ada ya lami na ya kokoto, tofauti ya mfereji wa kuvuka na wa kwenda sambamba na barabara, na mtu asiyejua kusoma anamjazia. Yapo madirisha mawili. Mwezi wa Novemba Wayua alikuja kuomba kibali, anapanua kitalu, anataka bomba la pili. Dirisha la Warda halikuwa na mtu. La Mbeyu lilikuwa na watu tisa. Wayua alimwona, akamwamkua kwa mbali kwa kuinua mkono, na Warda akaitikia, "Shikamoo, mama," kwa sauti iliyofika. Kisha Wayua akaenda kusimama nyuma ya wale tisa, mkoba wake kifuani, akasubiri zamu yake karibu saa nzima.

Warda alipanga kalamu zake mezani, akazipanga tena. Alipofika mtu mwingine mlangoni akamwita, "Karibu hapa, hapa hakuna foleni."